Dari Jipya, Ukuta wa Zamani: Ukingo Umaliziwe kwa Kipi?

Kupiga plasta dari peke yake ni uamuzi mzuri kwa mwenye pesa kidogo. Taabu iko ukingoni, pale dari linapokutana na ukuta ambao hukupanga kuugusa. Fundi akipita na mwiko bila kinga, plasta mbichi inaupaka ukuta, na ukiibandua inaondoka na rangi.

Piga hesabu ya hasara hiyo kwanza. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 2.7, kina kuta za karibu mita za mraba 34 ukitoa mlango na dirisha. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni karibu lita 7, yaani galoni mbili za lita 4, bado roli, msasa na ufundi. Ukingo wa kununua, basi, ni ule utakaokuepusha na kupaka kuta upya, hata kama bei ya vifaa vyake dukani imezidi kidogo.

Anza na uzi. Unyooshe juu ya ukuta kutoka kona hadi kona, uguse dari. Ukuta usipoachana na uzi zaidi ya milimita 5, mikanda ya urembo ya kufunika ukingo huihitaji.

Kwa ukuta kama huo ninachopendekeza ni tepu ya karatasi na akriliki ya mrija. Tepu inabandikwa ukutani, nailoni inaning'inizwa chini yake, na fundi anapiga plasta akiacha mwanya wa milimita 2 au 3 asiushike ukuta. Plasta ikikauka, mwanya unajazwa akriliki na kupakwa rangi ya dari.

Mwanya huo si uvivu. Dari la mbao na jipsamu chini ya bati hupanuka kwa jua la mchana na kurudi usiku. Mbao hunywa unyevu masika na kuutoa kiangazi. Ukuta wa tofali hauendi nalo. Plasta ngumu iliyogandana na vyote viwili lazima ipasuke, na ufa wenyewe hupita mstari mzima, mbele ya macho ya kila mgeni. Akriliki huvutika kidogo, inastahimili.

Mrija wa mililita 300 ukipakwa utepe wa pembetatu wa milimita 6 kwa 6 unafika takriban mita 15, kwa hiyo mzunguko wa mita 14 wa chumba chetu unatoshwa na mmoja. Ukipanua utepe hadi milimita 10 kwa 10, mrija huohuo hauvuki mita 6. Hapo ndipo fundi mwenye mkono mzito anapokutia hasara. Bunduki ya kusukumia mrija azima, usinunue kwa chumba kimoja. Soma pia maandishi ya mrija kabla ya kulipa: silikoni ya kawaida haishiki rangi, na mara nyingi inauzwa rafu moja na akriliki.

Tepu ivuliwe plasta ikiwa bado mbichi. Ikisubiriwa hadi kesho inang'oka na vipande. Ikishagandia, pitisha wembe kwanza.

Ukuta uliopinda ni habari nyingine. Mstari ulionyooka wa dari utauanika upindaji wote, na hapo mikanda ya jipsamu inastahili bei yake. Mkanda wa kawaida, usio na maua, upana wa sentimita 7 hadi 10, unaficha plasta mbaya ya ukingoni, rangi iliyochubuka na hata ufa wa zamani. Maua yanaongeza bei na yanakusanya vumbi. Sijaona faida nyingine. Mijini mikanda hii inapatikana kirahisi, mingi ikifinyangwa na mafundi wenyewe.

Lakini hesabu yake ina mikia. Ikiwa mkanda una urefu wa mita 2, chumba chetu kinataka 7 kwenye karatasi. Nunua 8, kwa sababu kona hukatwa kwa mshazari na vipande hupotea. Kuibeba kwa bodaboda ni kuivunja, weka nauli ya bajaji. Gundi ya unga wa jipsamu haishiki chokaa inayobabuka wala rangi ya mafuta inayoteleza, kwa hiyo lazima fundi akwangue ukanda wa ukuta kabla ya kubandika. Kukwangua huko mara nyingi hakumo kwenye bei aliyokutajia. Mikanda nayo inataka rangi.

Mikanda ya povu gumu jeupe, lile linalofungiwa televisheni mpya, ni myepesi, na mtu anaweza kubandika mwenyewe. Hubonyea kwa kidole, huyeyuka ikipakwa gundi au rangi yenye kiyeyushi, na hushika moto. Nisingeiweka jikoni kamwe. Ya plastiki ngumu inavumilia maji, basi iwekwe bafuni, mahali ambapo jipsamu hulainika ikilowa mara kwa mara. Vijiti vya mbao vinadumu vikitiwa dawa ya mchwa, ila kwenye ukuta uliopinda vinaacha matundu ambayo utayajaza akriliki tena: umelipa mara mbili.

Mpangaji asiende mbali zaidi ya tepu na akriliki. Mkanda uliogandishwa kwa jipsamu huwezi kuhama nao.

Mengine ni mapatano. Muulize fundi kabla hajakoroga unga: bei yako ni ya dari tu au na kingo zimo? Kingo hupimwa kwa mita ya urefu, dari kwa mita ya mraba, na wengi hutaja ya pili wakanyamaza kuhusu ya kwanza. Uliza ngazi au jukwaa ni la nani, na tepu na nailoni ananunua nani. Mwandikishe kwamba ukuta ukichafuka, kuurudishia rangi ni juu yake. Akikataa sharti hilo, mtafute mwingine.