Mashine Kuzunguka Hakutoshi: Namna ya Kupima Ubora wa Huduma ya Kusafisha Damu

Figo zenye afya hufanya kazi usiku na mchana, saa 168 kwa wiki. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kabisa, na anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa saa 4 kila mara, hupata saa 12 tu za kazi hiyo. Kwa hiyo kila saa anayokaa kwenye mashine ina thamani kubwa. Mashine yaweza kuzunguka bila hitilafu yoyote, naye mgonjwa akarudi nyumbani akiwa bado na taka nyingi mwilini. Ubora wa huduma hii haujulikani kwa kutazama mashine. Hujulikana kwa kupima.

Jambo hili linauhusu mkoa wa Kilimanjaro kwa karibu. Utafiti uliofanywa katika kaya za Moshi na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban asilimia 7 ya watu wazima walikuwa na ugonjwa sugu wa figo: asilimia 15.2 mjini na asilimia 2 vijijini. Kati ya waliokuwa na ugonjwa huo, ni mtu mmoja tu katika kila kumi aliyejua kwamba anao. Si wote wanaofikia hatua ya kuhitaji mashine, lakini wengi wa wanaoifikia hufika wakiwa wamechelewa.

Muda na kipimo cha usafi

Kipimo rahisi cha ubora ni kulinganisha yurea ya damu kabla na baada ya kipindi kimoja. Yurea ikiwa 30 kabla na 9 baada, imepungua kwa asilimia 70, na kazi imefanyika vema. Ikiwa 30 kabla na 15 baada, imepungua kwa asilimia 50 tu; kipindi hicho hakikutosha hata kama mgonjwa hakusikia dalili yoyote. Lengo linalokubalika ni upungufu wa asilimia 65 au zaidi. Vituo vingi bora hupima hivyo mara moja kwa mwezi na kuandika matokeo kwenye faili la mgonjwa.

Lengo hilo limewekwa kwa mtu anayesafishwa mara tatu kwa wiki. Kwa anayesafishwa mara mbili, asilimia 65 haitoshi, isipokuwa figo zake bado zinatoa mkojo wa kutosha. Hapa ndipo umbali na fedha vinapoingia katika tiba. Mgonjwa wa Sanya Juu anayetibiwa Moshi hushuka kwanza hadi Boma Ng'ombe, kisha hufuata barabara kuu ya kwenda mjini. Saa 4 za mashine humla siku nzima. Ni rahisi kuomba kutolewa nusu saa mapema ili kuwahi gari. Lakini anayekatisha nusu saa katika kila kipindi, mara tatu kwa wiki, hupoteza saa 78 kwa mwaka, yaani zaidi ya vipindi 19 kamili. Kituo kinachojali ubora hupanga zamu kwa kuzingatia wanaotoka mbali. Na pale uwezo wa familia au bima unaporuhusu vipindi viwili tu, daktari humweleza mgonjwa wazi hasara yake, badala ya kumwacha aamini kwamba viwili ni sawa na vitatu.

Maji: dawa isiyoonekana

Katika kipindi kimoja cha saa 4, damu hukutana na takriban lita 120 za maji, ikitenganishwa nayo na utando mwembamba tu wa kichujio. Mtu mwenye afya hunywa lita mbili au tatu kwa siku, na tumbo lake na figo humkinga. Mgonjwa wa figo hana kinga hiyo. Maji salama ya kunywa si lazima yawe salama kwa kusafishia damu.

Katika ukanda wa kaskazini kuna sababu ya ziada ya tahadhari. Miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro huachia madini ya floraidi katika baadhi ya chemchemi na visima. Meno ya kahawia ya wakazi wengi wa ukanda huu ni ushahidi wake. Shirika la Afya Duniani linaruhusu hadi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita ya maji ya kunywa. Kwa maji ya kusafishia damu, kikomo ni miligramu 0.2. Kuchemsha hakuondoi floraidi, wala matangi ya kaboni hayatoshi. Huondolewa na utando maalumu ambao maji husukumwa kupita ndani yake kwa shinikizo kubwa. Mwezi Julai 1993, katika kituo kimoja mjini Chicago, Marekani, mitambo ya kuondoa madini ilichoka na floraidi ikapita. Wagonjwa 12 waliugua na watatu kati yao wakafariki.

Klorini inayotiwa kwenye maji ya bomba ili kuua vijidudu nayo huvunja chembe nyekundu ikiingia kwenye damu. Ndiyo sababu fundi au muuguzi huipima kabla ya kila zamu ya wagonjwa na kuweka sahihi kwenye daftari. Daftari la maji lenye kurasa tupu ni dalili mbaya kuliko mashine iliyozeeka.

Njia ya damu

Damu hutoka mwilini ama kupitia mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, ama kupitia fistula, yaani mshipa wa ateri na wa vena vilivyounganishwa mkononi kwa upasuaji mdogo. Mpira husaidia wakati wa dharura, lakini ni mlango wa wadudu kuingia moja kwa moja kwenye damu. Fistula huhitaji wiki kadhaa ili ikomae, mara nyingi 6 au zaidi, nayo ikitunzwa hudumu kwa miaka. Idadi ya wagonjwa wanaotumia fistula ni kioo kizuri cha ubora wa kituo.

Kazi ya kuilinda fistula huanza mbali na mashine. Mhudumu wa zahanati au kituo cha afya wilayani Siha anapomwona mgonjwa wa figo, hutoa damu na kuweka kanula kwenye mgongo wa kiganja, akiiacha mishipa ya mkono usiotumika sana. Mkono wenye fistula haupimwi presha, hauchomwi sindano ya kawaida, na haubebi mzigo mzito. Mgonjwa naye huigusa fistula kila asubuhi. Asipohisi mtetemo, hupiga simu kituoni siku hiyohiyo.

Kinga dhidi ya maambukizi

Damu ya watu wengi hupita katika chumba kimoja, hivyo virusi vya homa ya ini ni hatari ya kudumu. Mwenye homa ya ini ya aina B husafishwa kwa mashine yake, mahali pake. Mwenye homa ya ini ya aina C au VVU hahitaji kutengewa mashine. Kinachomkinga jirani yake ni mikono iliyooshwa, glovu zinazobadilishwa kati ya mgonjwa na mgonjwa, na dawa isiyochangiwa kutoka chupa moja. Kila mgonjwa hupimwa anapoanza na mara kwa mara baadaye, na asiye na kinga huchanjwa dhidi ya homa ya ini B.

Uzito na chakula

Mashine ikivuta maji mengi kwa haraka, presha hushuka, misuli hukaza na moyo huumia. Ni vema kasi isizidi mililita 13 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni takriban lita 3 katika saa 4. Anayekuja na lita 5 huhitaji muda zaidi, si kasi zaidi.

Jikoni nako kuna sehemu ya tiba. Mtori, machalari na kitawa vyote hutokana na ndizi, zenye potasiamu nyingi, ambayo ikizidi yaweza kusimamisha moyo, hasa katika pengo refu la mwisho wa wiki. Ndizi zikikatwa vipande vidogo, zikachemshwa kwa maji mengi na maji hayo yakamwagwa, potasiamu hupungua, ingawa haiishi. Magadi huongeza chumvi na kiu. Mbege huhesabiwa kama kinywaji kingine chochote, na asili yake ni ndizi zilezile.

Maswali ambayo mgonjwa ana haki ya kuuliza

Yurea yangu imepungua kwa asilimia ngapi mwezi huu? Himoglobini yangu ni ngapi? Uzito ninaopaswa kubaki nao ni upi, na ulikadiriwa upya lini? Maji yamepimwa leo? Fistula yangu itatengenezwa lini?

Mhudumu mwenye majibu hapaswi kuona maswali haya kuwa utovu wa adabu. Na pale ambapo jibu halipo, swali limekwisha kuonyesha mahali pa kuanzia marekebisho, kabla ya madhara kumfikia mgonjwa.