Mtihani wa Nadharia wa Dereva wa Lori Marekani

Leseni ya kuendesha lori kubwa Marekani, ambayo madereva huiita CDL, huanzia kwenye mtihani wa nadharia. Kabla hajaruhusiwa kuendesha semi, yaani lori lenye tela, barabarani hata kama mwanafunzi, mwombaji hukaa katika ofisi ya leseni ya jimbo lake na kujibu maswali ya kuchagua, mara nyingi kwenye kompyuta. Akifaulu hupewa kibali cha kujifunzia. Asipofaulu, hakuna mwalimu anayeweza kumpeleka barabarani kihalali.

Hadi miaka ya 1980 baadhi ya majimbo yalimwacha mtu mwenye leseni ya gari dogo aendeshe lori lenye tela, na dereva aliyenyang'anywa leseni jimbo moja aliweza kutafuta nyingine jimbo jirani. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya usalama wa magari ya biashara, na kuanzia Aprili 1992 kila dereva wa magari hayo alitakiwa kuwa na leseni maalumu, moja tu, inayotolewa kwa viwango vilivyowekwa na serikali kuu. Majimbo ndiyo yanayotahini, lakini hayaruhusiwi kushuka chini ya viwango hivyo. Ndiyo maana anayejiandaa Texas na mwenzake wa Ohio husoma karibu mambo yaleyale.

Leseni ina madaraja matatu. Daraja A ni la gari linalovuta tela, jumla ya uzito ulioidhinishwa ikiwa pauni 26,001 au zaidi, yaani takriban tani 11.8, na uzito ulioidhinishwa wa tela ukizidi pauni 10,000. Daraja B ni la gari moja lenye uzito huo bila tela kubwa, kwa mfano tipa la mchanga au basi refu. Daraja C ni la magari madogo zaidi yanayobeba watu 16 au zaidi, dereva akiwemo, au shehena ya hatari inayolazimu gari kubandikwa alama. Wengi hulenga daraja A kwa sababu ndilo linalofungua kazi za masafa marefu, na mwenye nalo anaweza kuendesha magari ya madaraja mengine akiwa na nyongeza zinazohitajika.

Mtahiniwa wa daraja A hukabili mitihani mitatu: maarifa ya jumla, breki za upepo, na magari yenye tela. Katika majimbo mengi maswali ni 50, 25 na 20 kwa mfuatano huo, na kila mtihani unataka asilimia 80. Kwa yule wa maswali 50, hiyo ni kupata 40. Ziko pia nyongeza za hiari, kila moja na mtihani wake: matangi, tela mbili au tatu, abiria, basi la shule na shehena ya hatari. Mtihani wa breki za upepo haufai kurukwa kwa matumaini ya kuurudia baadaye. Asiyeufaulu huwekewa kizuizi cha kutoendesha gari lenye breki hizo, na kwa kuwa semi karibu zote zinazitumia, leseni ya namna hiyo haina soko.

Wazungumzaji wa Kiswahili walioingia kazi hii Marekani, wengi wakitoka Kongo, Kenya, Tanzania na Burundi, si wote wageni wa malori. Wapo waliowahi kupeleka shehena kutoka bandari ya Mombasa au Dar es Salaam hadi Kampala, Goma au Lubumbashi. Uzoefu huo ni mtaji mkubwa kazini, lakini mtihani huuliza kilichoandikwa katika kitabu cha mwongozo cha jimbo, na dereva mzoefu hujikwaa pale anapojibu kwa mazoea. Mfano ni mteremko mrefu. Kuna madereva waliozoea kuachia gia ili kuokoa mafuta, tabia iliyochangia kuifanya Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ijulikane kwa ajali mbaya za malori. Kitabu kinakataza kabisa. Gia ndogo huingizwa kabla ya kuanza kushuka, kwa kuwa lori likishashika kasi huenda lisikubali tena gia ndogo, na breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu.

Kitabu chenyewe hutolewa bure na kila jimbo, kwenye tovuti ya mamlaka yake ya leseni, na hufuata kielelezo kilichoandaliwa na umoja wa mamlaka za leseni za Amerika Kaskazini. Mpangilio unafanana: sura ya 1 ni utangulizi, ya 2 uendeshaji salama, ya 3 ubebaji wa mizigo, ya 5 breki za upepo na ya 6 magari yenye tela. Hizo tano ndizo chakula kikuu cha mtahiniwa wa daraja A. Sura ya 4 na zile za 7 hadi 10 ni za nyongeza, na za 11 hadi 13 zinahusu mtihani wa vitendo. Sura ya 2 ndiyo inayostahili siku nyingi kuliko zote.

Inafaa kushika kitabu cha jimbo husika, tena toleo linalotumika sasa. Vitabu vya zamani, kwa mfano, vilisema taa au kengele ya upungufu wa upepo lazima iwake au ilie kabla presha haijashuka chini ya pauni 60 kwa inchi ya mraba. Matoleo ya baadaye yakaandika 55. Anayesoma karatasi zilizopigwa chapa miaka mingi iliyopita, au maswali yanayozunguka kwenye simu bila kuonyesha yalikotoka, anaweza kukariri namba ambayo mtihani hauitambui tena.

Kinachowaangusha wengi ni kukariri namba bila sababu zake. Namba za kitabu hiki ni nyingi na zinafanana, kwa hiyo zisipopewa maana huchanganyika kichwani. Zikishaeleweka hukaa zenyewe, kwa sababu nyuma ya kila moja kuna jambo linalotokea kwenye chuma, mpira au jicho la dereva.

Umbali wa kusimama unaonyesha hilo vizuri. Kitabu kinaugawa mara tatu. Kwa mwendo wa maili 55 kwa saa, sawa na kilomita 88 hivi, lori husafiri futi 142 tangu jicho lione hatari hadi akili iitambue. Husogea futi nyingine 61 wakati mguu unatoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Kisha breki zenyewe huhitaji futi 216 kulisimamisha kwenye barabara kavu. Jumla ni futi 419. Breki za upepo huongeza kipande cha nne, kwa sababu hewa huchukua muda kupita mabombani hadi ifike magurudumuni; kwa mwendo huohuo ucheleweshaji huo unaongeza futi 32 hivi. Jumla inapita futi 450, yaani mita 137, umbali unaozidi urefu wa uwanja wa mpira.

Hapo mambo mengine hujifungua. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mwendo inayopaswa kumalizwa na breki huwa mara nne, na umbali wa breki hukua mara nne vilevile. Barabara ikilowa, mwendo hupunguzwa kwa theluthi moja. Ikifunikwa na theluji iliyoshindiliwa, kwa nusu. Kanuni ya kuachiana nafasi nayo inatoka hapohapo: sekunde moja kwa kila futi 10 za urefu wa gari, na sekunde moja zaidi mwendo ukizidi maili 40 kwa saa. Lori la futi 60 likienda maili 55 linahitaji sekunde saba nyuma ya gari lililo mbele. Swali la aina hii hutokea mara kwa mara, na anayeisahau ile sekunde ya ziada hukuta jibu la sekunde sita likimsubiri miongoni mwa machaguo.

Lipo pia swali linalowashangaza wasiosoma: kati ya lori tupu na lililopakiwa, lipi huchelewa kusimama? Kitabu kinasema lori tupu linaweza kuhitaji umbali mrefu zaidi. Breki, tairi na springi zake zimeundwa kwa ajili ya uzito. Mzigo usipokuwepo, magurudumu hayashiki lami vizuri, hurukaruka na hujifunga kwa urahisi.

Breki za upepo ndizo zinazoogopwa zaidi, ingawa mpangilio wake ni rahisi kuufuata mtu akianzia kwenye kompresa. Kompresa husukuma hewa kwenye matangi, huacha kusukuma presha ikifika takriban pauni 125, na huanza tena ikishuka hadi 100 hivi. Dereva akikanyaga breki, hewa hutoka kwenye matangi kwenda magurudumuni. Hivyo hewa ndiyo inayofunga breki za kawaida. Breki za kuegesha hufanya kinyume: springi nzito hufunga gurudumu, na hewa ndiyo inayoizuia springi isifunge. Hewa ikipotea, springi hujiachia yenyewe. Aliyekwisha kuielewa tofauti hiyo hahangaiki kukumbuka kwa nini breki za springi hujifunga presha ikishuka kati ya pauni 20 na 45, wala kwa nini kengele ya tahadhari inapaswa kulia mapema: dereva anahitaji nafasi ya kusimama kwa hiari kabla lori halijasimama lenyewe mahali pabaya.

Kipimo cha uvujaji nacho huulizwa sana. Injini ikiwa imezimwa na breki ya kuegesha imeachiwa, gari moja halipaswi kupoteza zaidi ya pauni 2 kwa dakika, na lori lenye tela pauni 3. Breki ikikanyagwa, mipaka hupanda kuwa 3 na 4. Tela linaongeza bomba, viungio na vyumba vya breki, kwa hiyo linaruhusiwa uvujaji kidogo zaidi.

Kwenye mteremko kitabu hufundisha njia moja ya kutumia breki. Mwendo salama ukiwa maili 40, dereva akiufikia hukanyaga kwa nguvu ya kutosha kuuteremsha hadi 35, kisha huachia, na kurudia kila unapofika tena 40. Kukanyaga kidogokidogo mfululizo huzipasha breki moto bila kuzipumzisha.

Sura ya tela husisitiza kuunganisha na kutenganisha, na namna tela la nyuma linavyoweza kupinduka pale dereva anapokata kona ghafla. Ya mizigo ni fupi na namba zake ni chache: kamba au mnyororo mmoja kwa kila futi 10 za mzigo, ila kamwe si chini ya mbili hata mzigo ukiwa mdogo, mzigo hukaguliwa ndani ya maili 50 za mwanzo, halafu kila baada ya maili 150 au saa tatu, kutegemea kipi kimetangulia. Lori likiharibika, pembetatu za tahadhari huwekwa ndani ya dakika 10. Kwenye barabara ya upande mmoja huwekwa nyuma ya gari, kwa umbali wa futi 10, 100 na 200.

Suala la lugha halikwepeki. Kanuni za serikali kuu zinamtaka dereva wa biashara asome na kuzungumza Kiingereza cha kutosha kuelewa alama za barabarani, kuwajibu maofisa na kujaza taarifa. Baada ya agizo la rais la Aprili 2025, wakaguzi walianza tarehe 25 Juni mwaka huo kumwondoa barabarani dereva anayeshindwa kutimiza sharti hilo. Mtihani wa vitendo nao hufanywa kwa Kiingereza. Kwa hiyo njia yenye faida zaidi kwa msomaji wa Kiswahili ni kukifungua kitabu cha Kiingereza pamoja na wenzake, kuijadili kila aya kwa Kiswahili mpaka sababu yake ieleweke, kisha kujibu maswali kwa Kiingereza. Majina ya sehemu za lori yajifunzwe kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, ikiwezekana kando ya lori lenyewe, mkono ukigusa kinachotajwa.

Maswali ya mazoezi yana kazi yake, ila yaje baada ya kusoma. Kila jibu lililokosewa lirudishwe kwenye ukurasa wake, na sababu ielezwe kwa sauti. Anayepata asilimia 80 nyumbani hajawa tayari, maana wasiwasi wa chumba cha mtihani hula alama. Kufika asilimia 90 kwa maswali ambayo hajawahi kuyaona ni dalili nzuri zaidi.

Kabla ya kulipa ada yoyote, karatasi zikaguliwe. Umri wa chini ni miaka 18 kwa kuendesha ndani ya jimbo na 21 kwa kuvuka mipaka ya majimbo. Madereva wengi huhitaji cheti cha afya kutoka kwa mpimaji aliyeorodheshwa na serikali kuu, ambacho hudumu hadi miezi 24. Kwa wasio raia, masharti ya leseni hii yalibadilishwa Septemba 2025 na kupingwa mahakamani, hivyo jibu la ofisi ya leseni ya jimbo litafutwe kabla ya lile la shule ya udereva. Tangu tarehe 7 Februari 2022, anayetafuta daraja A au B kwa mara ya kwanza lazima pia amalize mafunzo kwenye shule iliyosajiliwa kabla ya mtihani wa vitendo. Kwa nyongeza ya shehena ya hatari, mafunzo hutangulia hata mtihani wa nadharia.

Kibali kinachotolewa baada ya kufaulu hudumu kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Mwenye nacho huendesha akiwa na dereva mwenye leseni ya daraja hilo kwenye kiti cha mbele, haruhusiwi kubeba shehena ya hatari, na husubiri siku 14 au zaidi kabla ya mtihani wa vitendo. Mtihani huo una hatua tatu: ukaguzi wa gari, udhibiti wa gari uwanjani na mwendo barabarani. Katika hatua ya kwanza mtahiniwa hulizunguka lori akieleza kwa mdomo anachokikagua, kisha hupima breki za upepo mbele ya mtahini na kuzitaja namba zilezile za uvujaji na za kengele alizozijibu kwenye kompyuta.