Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo (Shinyanga na Geita)

Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ni vikundi vya familia jirani za Wakatoliki ambazo hukutana kila wiki, nyumba hadi nyumba, kwa ajili ya kusoma Biblia, kusali na kusaidiana. Katika majimbo ya Shinyanga (jimbo tangu 1956) na Geita (tangu 1984), kama kwingineko Tanzania, ndizo ngazi ya chini kabisa ya Kanisa, chini ya kigango na parokia. Ndimo pia muumini anamojifunza kupambana na ubinafsi wake mbele ya watu wanaomfahamu.

Historia

Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walipanga mwaka 1973 kujenga Kanisa juu ya jumuiya hizo, na mwaka 1976 wakazifanya kipaumbele. Nchini Tanzania wazo hilo lilikutana na siasa ya ujamaa. Christopher Mwoleka, askofu wa Rulenge (1969-1996), alikwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa, akifundisha kwamba Utatu Mtakatifu ni mfano wa kuigwa katika kushirikishana maisha.

Utaratibu wa mkutano

Jumuiya nyingi hutumia hatua saba zilizoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma Injili, kurudia neno lililomgusa mtu, kukaa kimya, kushirikishana, kupanga kazi na kusali pamoja.

Uzito uko katika hatua ya tano. Kila mmoja husema kwa ufupi neno lilivyomgusa yeye mwenyewe. Hahubiri, habishani, wala hamsahihishi aliyetangulia. Mwenye duara la dhahabu huketi na kumsikiliza mama anayeponda mawe kwa ujira, naye anapaswa kuzungumza juu ya nafsi yake, si juu ya makosa ya wengine. Ni jambo gumu kuliko linavyoonekana. Hatua ya sita hugeuza maneno kuwa kazi: nani atamtembelea mgonjwa, nani atachanga kwa ajili ya msiba, na lini.

Wazo la kwamba nafsi hubadilika ndani ya kikundi lipo pia nje ya Ukristo. Katika Kabbala ya Kiyahudi, Yehuda Ashlag (aliyefariki 1954) alifundisha kwamba binadamu huongozwa na tamaa ya kupokea kwa ajili yake mwenyewe, na kwamba anahitaji wenzake katika masomo ili ajifunze kutoa. Tofauti ni kwamba kikundi cha Kabbala ni cha wanafunzi waliochaguana, wakati jumuiya hukusanya majirani jinsi walivyo.

Katika maeneo ya dhahabu

Machimboni ujirani wenyewe ni wa muda. Rashi inapotokea mahali pengine, vijana huhama, na jumuiya inaweza kupoteza katibu na mhazini kwa siku moja. Wanaobaki ni wanawake zaidi, ambao ndio wengi katika mikutano kote nchini.

Jaribu kubwa zaidi ni uchu wa utajiri wa haraka. Katika Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na watu wenye ualbino wameuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta bahati, hata ya dhahabu. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Jumuiya inayosali nyumbani kwa bibi huyo huyo anayenong'onwa mtaani humfanya awe mtu mwenye jina na wajukuu. Hata hivyo, mtu anaweza kusali Jumamosi na kwenda kwa mpiga ramli Jumatatu.

Ubinafsi huingia pia kwa njia ya uongozi. Jumuiya huchagua mwenyekiti wake, lakini si ajabu mtu mmoja kukaa miaka mingi kwenye nafasi hiyo, akisoma yeye, akifafanua yeye na kugawa kazi yeye, mpaka wengine wanabaki kuitikia amina.