Mkopo ukiuzwa, nani atamkagua mkopaji?

Nchini Marekani historia ya mkopaji hupimwa kwa alama za FICO, kuanzia 300 hadi 850. Mwenye 619 na mwenye 621 karibu hawatofautiani; kama kuna aliye salama zaidi, ni huyo wa 621.

Wachumi Benjamin Keys, Tanmoy Mukherjee, Amit Seru na Vikrant Vig walikuta kinyume chake. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2010, walichambua mikopo ya nyumba iliyotolewa miaka ya kuelekea anguko la fedha la 2008. Kwenye mikopo ambayo mteja hakudaiwa vielelezo kamili vya kipato, waliovuka 620 kidogo tu walishindwa kulipa kwa takriban asilimia 10 hadi 25 zaidi ya waliokuwa chini kidogo ya hapo.

Miaka ya 1990, Fannie Mae na Freddie Mac, wanunuzi wakubwa wa mikopo ya nyumba, waliitaja 620 kuwa mpaka wa tahadhari, na soko likauzoea. Mkopo uliovuka mpaka huo uliuzika upesi: unaunganishwa na mingine, unageuzwa hati fungani, unachukuliwa na wawekezaji walio mbali. Sasa mtazame afisa mikopo mezani kwake. Faili la 619 huenda likamrudia, kwa hiyo anauliza: kazi yako ni ya kudumu au ya msimu? Una akiba kiasi gani? Mwajiri wako anasemaje? Faili la 621 litauzwa, na mnunuzi anatazama hasa alama na uwiano wa mkopo kwa thamani ya nyumba. Majibu ya maswali yale hayamfikii, basi ya nini kuyauliza?

Watafiti Ryan Bubb na Alex Kaufman waliipinga tafsiri hiyo. Kwa maoni yao, wakopeshaji walikuwa wameifanya 620 kuwa kanuni yao ya ukaguzi, hata kwa mikopo ambayo hawakukusudia kuiuza, hivyo mpaka huo peke yake hauthibitishi kwamba uuzaji ndio ulioleta uzembe. Ni hoja nzito. Lakini hata kwa maelezo yao, pale ukaguzi ulipolegea ndipo wengi waliposhindwa kulipa, na kwangu hilo ndilo la kushika.

Baada ya anguko hilo, sheria ya Marekani ya Dodd-Frank ya 2010 iliwataka wanaogeuza mikopo kuwa hati fungani wabaki na angalau asilimia 5 ya hatari yake, ingawa mikopo mingi ya nyumba ilisamehewa.

Kwetu, kampuni za TMRC ya Tanzania na KMRC ya Kenya huzipa benki fedha za muda mrefu za kukopeshea nyumba, lakini mteja asipolipa, hasara ni ya benki iliyomkopesha. Siku likija pendekezo la kuiuza mikopo hiyo moja kwa moja kwa wawekezaji, wabunge na benki kuu zetu waulize kwanza hasara itabaki kwa nani, na wasipitishe chochote kabla ya kupata jibu.