Picha Yenye Jicho Kisogoni

Wahenga walinena kuwa nyumba husitiri mambo. Msemo huu nimeujua tangu utotoni, lakini aliyenifunza maana yake upya si mzee mwenzangu, bali ni kamera ndogo isiyozidi kiganja cha mkono, nami nilikuwa mbali na bahari, huko Ngong katika Kaunti ya Kajiado.

Nilikwenda kumzuru mpwa wangu aliyeolewa huko. Ilikuwa siku ya pili ya Idi. Asubuhi ndugu yake, kijana apendaye mitambo, alinichukua hadi Vilima vya Ngong. Magoti yangu si ya kupandia milima tena, lakini nilijikokota polepole, upepo ukinivuta kanzu, nikaipita ile mitambo mirefu ya KenGen inayofua umeme kwa upepo. Kilele kirefu cha vilima hivyo, Lamwia, kina mita 2,460 kutoka usawa wa bahari. Ukiwa juu ya vilima vile, mashariki unauona mji wa Nairobi, kusini mashariki mbuga za upande wa Kitengela, na magharibi ardhi inaporomoka ghafula kuingia Bonde la Ufa. Subhana Llah! Nilizunguka pale nisijue nitazame wapi.

Kijana akaniambia, “Mjomba, usichague. Kamera hii itatazama kote.” Akaisimamisha juu ya ufito. Ina macho mawili, moja mbele na moja nyuma; kila jicho huona nusu ya mazingira, kisha programu huzishona nusu mbili zikawa picha moja isiyo na mwanzo wala mwisho.

Tuliporudi nyumbani akaiweka kamera ile juu ya meza ya chakula, akapiga picha moja ya ukumbusho wa Idi. Jioni akataka tuzitazame. “Nitazipandisha kwenye tovuti moja ya bure,” akasema, “kisha tutazizungusha tupendavyo.”

Dada yake aliyekuwa mlangoni akapaza sauti: “Ngoja kwanza! Ulipopiga ile ya mezani, pazia la ndani lilikuwa wazi. Mimi si neno, wewe ni ndugu yangu na huyu ni mjomba. Lakini wifi yangu alikuwa nyuma ya pazia bila mtandio, naye si maharimu wenu. Wataka kumpeleka wapi?”

Sote tukanyamaza.

Waungwana wasomaji, hapo ndipo nilipotambua tofauti. Picha tuliyoizoea huona kile ulichokielekezea. Anayepiga ana mbele na nyuma, na aliye nyuma yake yu salama. Hii ya mzunguko haina nyuma. Huona uliyemkusudia na usiyemkusudia, na pazia lililosahauliwa nalo haliachi.

Hamu ya kuona pande zote ni ya zamani. Mchoraji Robert Barker alichora mji wa Edinburgh kwa duara kama uonekanavyo kutoka kilima cha Calton, akapata hataza ya ubunifu wake mwaka 1787. Mwaka 1793 akafungua jumba la mviringo mjini London, watu wakalipa kiingilio na kusimama katikati. Lakini Barker alichora kwa mkono, naye aliweza kuliacha dirisha la mtu bila ya kulichungulia. Kamera haijui kuacha. Kampuni ya Google ilipoanza kuonyesha picha za barabarani nchini Marekani mwaka 2007, watu walilalamika, na tangu mwaka 2008 ikaanza kuziba nyuso za wapita njia. Hiyo ni barabarani, sembuse chumbani?

Sisi wa pwani jambo hili tulilijengea kuta. Tazama nyumba za mawe za kale za Lamu: mlango wa nje una daka la kupokelea wageni, na njia ya kuingia ndani hupinda, ili mpita njia asiweze kuona kiwanda na waliomo hata mlango ukiwa wazi. Na kabla ya kuta kuna mafunzo. Chuoni tulisoma Surat Nur, aya ya 27, inayotuamuru tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kuwasalimu wenyewe. Mwalimu wangu akitueleza kuwa hodi iliwekwa kwa ajili ya jicho, si kwa ajili ya miguu pekee. Sheria za nchi nazo zimefika hapo: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu na nyumba yake, na mwaka 2019 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data.

Basi je, tuzitupe picha hizi? La hasha. Kijana alikuna kichwa, kisha akasema kuna njia nyingine. Picha ya mzunguko kamili ikilazwa bapa, upana wake ni mara mbili ya kimo chake, kwa kuwa upana ni nyuzi 360 na kimo ni nyuzi 180. Huonekana imepotoka kama ganda la chungwa lililobanduliwa. Kazi ya programu ni kulirudisha ganda liwe tunda, na kukuweka wewe katikati. Tangu mwaka 2011, ilipotolewa kanuni iitwayo WebGL, vivinjari vya intaneti vimeweza kufanya kazi hiyo ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Ukurasa huleta maagizo tu. Picha husomwa hapo ilipo, haina haja ya kusafiri.

Tatizo ni kwamba kurasa nyingine huipeleka kwanza kwenye kompyuta za watu usiowajua, na kwa macho zote mbili zafanana. Wala dirisha la faragha la kivinjari si kinga: hilo husahau tu kurasa ulizotembelea, halizuii picha kwenda. Tena picha yaweza kubeba ndani yake alama za mahali ilipopigwa, hata nyumba yako ikajulikana.

Njia ya kupima ni nyepesi. Fungua ukurasa hadi utimie, kisha zima intaneti, ndipo uchague picha. Ikifunguka na kuzunguka, ujue yafanyika kwako. Ukimaliza, funga ukurasa huo kabla ya kuwasha intaneti tena, usije ukatuma baadaye kilichobaki.

Tukafanya hivyo. Ile ya mlimani tukaitazama sote, na nikakiona tena kilele cha Lamwia nikiwa nimekaa mkekani na kahawa yangu. Ile ya mezani mpwa wangu aliichukua na kompyuta yenyewe, wakaingia ndani yeye na wifi yake. Tulisikia vicheko. Waliporudi wakasema ni nzuri, na kwamba wameihifadhi wao. Kijana hakuuliza, nami sikuuliza.

Mashine imejua kuona pande zote, lakini kubisha hodi ni juu yetu. Nawaachia ubeti huu:

Picha imeona nyumba, na vyumba vyake vya siri,
Waliomo kuwaomba, idhini ndio uzuri,
Usiipandishe mwamba, ikaonwa na ayari,
Uifungue sambamba, na wenyewe kwa sitiri.

Wabillahi tawfiq.