Kamera na Maradhi ya Kuta: Funzo Kutoka Mji Mkongwe wa Zanzibar

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Watu wawili walipoteza maisha. Ukuta wa mawe aghalabu huanza kuugua miaka mingi kabla ya kuanguka, na dalili zake hujitokeza usoni pake. Tutazinakilije dalili hizo mapema? Chombo kimoja rahisi ni kamera.

Sharti kwanza tuujue ukuta wenyewe. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Matumbawe yakichomwa tanurini hutoa gesi ya kaboni dioksaidi, na kinachobaki ni chokaa hai. Chokaa hiyo ikizimwa kwa maji na kuchanganywa na mchanga, huifyonza tena gesi ile polepole na kugeuka jiwe. Jiwe hilo lina vitundu vidogo mno: maji ya mvua huingia, kisha hutoka yakiwa mvuke. Ukuta ukipakwa saruji, njia hiyo huzibwa. Unyevu hubaki ndani, chumvi huganda na kuumega ukuta, na boriti za mikoko zinazobeba sakafu huoza pale ncha zake zilipoingia ukutani.

Picha ya ukumbusho haitoshi kuyaonyesha hayo. Yatakiwa picha iliyo kipimo. Mpiga picha asimame akiukabili ukuta, wala asiinue kamera juu, kwani kuta zitaonekana zikiinamiana. Katika vichochoro vyembamba apige vipande vipande, kila picha ikirudia zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia; kwa njia hiyo programu za kompyuta zaweza kuliunda umbo zima la jengo. Aweke ufito uliogawanywa kwa sentimita. Apige jua likimulika ukuta kwa ubavu, ili kila ufa utupe kivuli. Aandike tarehe na mahali aliposimama, kisha arudi papo hapo baada ya kila masika.

Picha za kale nazo zina thamani hiyo hiyo. Zile zilizopigwa kabla ya manowari za Uingereza kuushambulia mji tarehe 27 Agosti 1896 zaonyesha mnara ukisimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib. Za baadaye zaonyesha mnara ulioungana na jumba. Mhandisi hutambua hapo ni sehemu zipi zilizoongezwa baada ya ujenzi wa kwanza.

UNESCO iliutia Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, lakini nyingi ya nyumba zake ni maskani ya watu. Hivyo mpiga picha apige hodi, aombe idhini, na amwachie mwenye nyumba nakala. Huyo ndiye auonaye ufa kila siku. Akilinganisha picha za miaka miwili atajua kama ufa umetulia au unapanuka. Ule unaopanuka ni onyo la kumwita fundi bila kukawia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sayansi yaongeza neno moja: ufa wa ukuta wa chokaa na uzibwe kwa chokaa.