Ari hufuata mkono

Kati ya Juni na Agosti, ukungu hushuka kutoka milima ya Nyandarua ukaifunika Kangari yote, na mashamba ya majani chai yakawa kama bahari isiyo na ng'ambo. Jua huonekana adhuhuri, tena kwa kusitasita, kisha likajificha. Hizo ndizo siku ambazo blanketi huwa zito kuliko gunia la mbolea. Mchumaji hulitazama kapu lake ukutani asitamani kulitia mgongoni, mwanafunzi hufungua kitabu macho yakapita juu ya maneno bila kuyashika, na fundi wa mbao huketi mbele ya meza yake akihesabu misumari. Aghalabu hukumu yetu huwa nyepesi: huyu ni mvivu. Hapo tumekwisha kumfungia mlango.

Mimi naona kwamba neno hilo limetumika ovyo mno katika vijiji vyetu, kuanzia Kangari hadi Othaya, na kutoka Karatina hadi Kerugoya. Tumelifanya kuwa jina la magonjwa matatu yasiyofanana. La kwanza ni ajizi, ambayo wahenga waliinena vyema waliposema kuwa ni nyumba ya njaa. La pili ni uchovu wa kweli wa mwili uliofanya kazi kupita kiasi. La tatu ni unyonge wa moyo, yaani huzuni inayomshika mtu asijue ilikotoka wala itakapokwisha. Daktari anayetoa dawa moja kwa magonjwa matatu hawezi kuitwa daktari, nasi tusiwe waganga wa namna hiyo katika nyumba zetu.

Tuanze na siku ya kawaida, siku ambayo mtu ni mzima, hana deni la usingizi, lakini hamu ya kazi imemtoka. Kosa kubwa la siku kama hiyo ni kungoja. Mtu hujiambia kuwa ari ikija ataanza, na kwa kuwa ari haiji, haanzi. Na kwa kuwa haanzi, ari haina sababu ya kuja. Huo ni mduara usio na mlango. Wengi wetu hudhani kuwa ari ni mvua na kazi ni mbegu, kwamba ni lazima mvua itangulie. La hasha! Mara nyingi kazi ndiyo hutangulia, na ari ikaja nyuma yake kama ndama amfuatavyo mama yake.

Mkulima wa majani chai anaujua ukweli huu, ijapokuwa hakuusoma popote. Mchai haumngojei mtu apendezwe. Majani mawili na kichipukizi chake yakiisha kukomaa, ni lazima yachumwe, kisha mchumaji arudi kwenye mchai huo huo baada ya juma moja au mawili. Akichelewa, jani hukakamaa na karani wa kituo hulikataa. Tena lori la kiwanda lina saa yake. Ndiyo maana mchumaji wa Kangari huamka hata siku ambayo moyo wake umelala. Hakuamshwa na ari. Ameamshwa na lori na mizani. Lakini mtazame saa moja baadaye, vidole vikiwa vimepata moto na kapu likianza kujaa: utamsikia akizungumza na mwenzake wa mstari wa pili, na pengine akicheka. Ari imemkuta shambani. Kama angeingoja kitandani, isingemwona.

Taabu inawapata wale wasio na lori. Kijana anayesomea mtihani nyumbani, mwandishi, mshonaji mwenye cherehani yake mwenyewe, mtu anayetafuta ajira kwa mwezi wa sita: hawa hawana karani wala mizani. Hakuna anayewagombeza wakichelewa. Kwao nasema hivi: jitengenezee lori lako mwenyewe. Teua saa, teua mahali, teua kipimo, kisha uvitii vitu hivyo vitatu kama mchumaji anavyoitii saa ya kituo. Mwandishi wa Uingereza, Anthony Trollope, aliyekuwa mtumishi wa posta katika karne ya 19, alikuwa akiketi mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla ya kwenda kazini. Aliweka saa mbele yake na kujitaka maneno 250 kwa kila robo saa. Kwa njia hiyo aliandika riwaya zaidi ya 40. Wako waliomcheka kwa kuifanya sanaa kama kazi ya karani, lakini vitabu vyake vingali vinasomwa.

Hatuna haja ya kwenda Uingereza kutafuta mfano. Hapa kwetu, mwandishi na mchapishaji Gakaara wa Wanjau wa Nyeri alikamatwa tarehe 20 Oktoba 1952, usiku ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa, akatiwa kizuizini kwa miaka mingi. Miongoni mwa mahali alipozuiliwa ni kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, mbali kabisa na baridi ya kwao. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusema kuwa leo hana hamu ya kuandika, ni huyo. Hakuwa na uhuru, wala hakujua kama kuna atakayeyasoma maandishi yake. Lakini aliandika kwa siri, akiweka kumbukumbu ya mambo ya kizuizini. Kumbukumbu hizo zilitoka kama kitabu katika lugha ya Gikuyu miaka mingi baadaye, na mwaka 1984 kikapata Tuzo ya Noma ya uchapishaji katika Afrika. Simtaji ili kumwaibisha mtu aliyeshindwa kuandika ukurasa mmoja leo. Namtaja kwa sababu maisha yake yanaonyesha kuwa kazi ndogo inayofanywa siku baada ya siku haidai mazingira mema wala moyo mkunjufu. Inadai kurudiwa tu. Wahenga walinena: bandu bandu huisha gogo.

Kipimo nacho kiwe kidogo. Siku mbaya huharibiwa zaidi na mtu anayetaka kuikomboa kwa mkupuo mmoja. Anajiambia kuwa leo atapalilia shamba zima, na anapoliona lilivyo pana anarudi ndani. Siku kama hiyo palilia mstari mmoja. Soma kurasa mbili. Andika barua moja ya kuomba kazi. Marehemu Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika Nyeri, hakuanza na misitu. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Miti saba, mpenzi msomaji! Kwa mtu mwenye haraka, miti saba mbele ya nchi inayogeuka jangwa ni mzaha. Lakini kutoka saba hiyo kulitokea harakati iliyopanda mamilioni ya miti, na mwaka 2004 mama huyo akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Aidha, tusidanganywe na neno "kujihimiza" tukadhani kuwa ni kazi ya mtu peke yake. Wazee wetu walikuwa na ngwatio: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Faida yake haikuwa wingi wa majembe tu. Mtu aliyekuwa na siku mbovu alibebwa na mwendo wa wenzake, kwa kuwa ni vigumu kusimama wakati mstari mzima unasonga mbele. Wagikuyu husema "kamũingĩ koyaga ndĩrĩ", yaani kikundi kidogo cha watu ndicho kiinuacho kinu. Kijana anayeshindwa kusoma peke yake na atafute mwenzake waketi meza moja. Mama anayeshindwa kuanza hesabu za duka na amwite jirani aketi naye. Kuonekana na mwenzio ukiwa kazini ni nusu ya kazi.

Nikiisha kusema hayo, sharti niseme na upande wa pili, maana wapo watakaoyachukua maneno haya wakayafanya fimbo. Mchai wenyewe una siku zake za kulala. Kichipukizi hufikia wakati kikajifunga, kisikue, hata kama mvua na mbolea vipo. Mchumaji stadi hakitukani. Hukivunja akausawazisha uso wa mchai, ili machipukizi mapya yapande. Na baada ya kila miaka mitatu au minne, mkulima hukata mchai mpaka ukabaki vijiti vitupu. Kwa muda wa miezi kama mitatu hivi hauleti hata senti moja. Mgeni akipita atadhani shamba limekufa. Lakini mwenye shamba anajua kuwa bila kipindi hicho mchai ungerefuka usifikike kwa mkono, na mavuno yangepungua mwaka hata mwaka. Binadamu naye anahitaji kukatwa matawi. Aliyechuma kutwa siku sita, kisha akakosa nguvu siku ya saba, hana haja ya mahubiri juu ya bidii. Ana haja ya usingizi.

Wala tusiyachanganye mambo ya moyo na mambo ya haki. Mtu anayefanya kazi kwa mikono miwili na kulipwa kwa kidole kimoja hakosi ari, anakosa malipo. Mkulima anayepokea bonasi ndogo kuliko alivyotarajia, kisha akaichukia michai yake, hataponywa na usemi mtamu wa mwandishi wa gazeti. Huyo anahitaji hesabu iliyo wazi na soko la haki. Ni hatari kubwa kuwafundisha wanyonge kuwa kila uchovu wao ni kasoro ya nafsi zao, kwa kuwa hapo mwenye kuwanyonya atalala usingizi mwororo.

Limebaki gonjwa la tatu, nalo ndilo linalonitia hofu zaidi. Ipo siku isiyokuwa siku moja. Mtu hukosa hamu wiki ya kwanza, ya pili, na ya tatu; chakula hakina ladha, usingizi umekimbia au umezidi, marafiki amewaepa, na anajiona kuwa mzigo kwa watu wake. Huo si uvivu hata kidogo. Ni ugonjwa, na una tiba. Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, alieleza jinsi mtu mwenye huzuni anavyoacha polepole mambo yaliyompa furaha, na kwa kuyaacha akazidi kuzama. Tiba iliyokua kutokana na fikra hiyo humrudisha mgonjwa kwenye matendo madogo madogo, kwa mpango na kwa msaada wa mtu mwingine, bila kungoja moyo uchangamke kwanza. Huko Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafunza akina nyanya kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, wakiwasikiliza na kuwasaidia kuteua tatizo moja la kulishughulikia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Akina nyanya tunao Kangari, na mabenchi tunayo. Tulichokosa ni masikio.

Badala ya masikio, vijana wetu wanapewa chupa. Aliyekosa hamu ya kazi asubuhi hupata hamu ya kinywaji adhuhuri, na kijiji kikasema: je, hatukusema kuwa ni mvivu? Mwezi wa Februari 2024, pombe yenye sumu iliua watu katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, si mbali na hapa. Tuliomboleza, tukawalaani wauzaji, na tulikuwa na haki ya kuwalaani. Lakini swali la pili hatukuliuliza kwa sauti: ni nini kilichowafanya watu wazima waikimbie siku yao mapema namna hiyo? Kijana aliyeitwa mvivu mara mia moja atatafuta mahali ambapo haitwi hivyo, na kilabuni hakuna anayemwita hivyo.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukiamka kesho na kukuta blanketi limekuwa zito, jiulize kwanza ni gonjwa gani kati ya yale matatu. Ikiwa ni uchovu, pumzika bila kujilaumu, na upange saa ya kurudi. Ikiwa ni huzuni iliyokaa majuma, mwambie mtu leo, uende zahanati kama ambavyo ungekwenda kwa homa. Na ikiwa ni ajizi tu, ile ya ukungu na baridi, usibishane nayo, kwa maana ina hoja nyingi kuliko zako. Vaa viatu, chukua kapu, uuendee mchai wa kwanza. Majani mawili na kichipukizi: hicho ni kipimo kinachomtosha mtu kuanzia.

Na wewe uliye mzazi, mwalimu au mwajiri, uliyezoea kulitamka lile neno, litie mfukoni kwa muda. Kabla ya kumwita kijana mvivu, keti naye, umuulize alilalaje.